Hawakunitaka, Mama

Florida, 9 Julai 2019

Mama mpendwa,

Jambo sana. Najua ulitaka nikupigie simu, lakini tukiongea kwa simu unaniuliza nimekula nini na kama nimelala, kisha zamu yako inaanza na hatujasema neno. Kwa karatasi nitajieleza vizuri zaidi.

Huku ni joto. Wanasema msimu ukianza watu huja kutazama hoki ya barafuni wamevaa kandambili, koti wamelikunja kwapani kwa ajili ya baridi ya ndani. Wenzangu wamenipokea vizuri.

Siku ile tukiwa kwenye uwanja wa ndege uliniuliza kwa nini sibaki Saint Paul kwenye timu ya nyumbani, nikasema nitakueleza. Maelezo ni mafupi. Hawakunitaka, mama. Mkataba wangu umekwisha, nina miaka ishirini na saba, na wao wana mabeki vijana. Florida walinitaka, nikasaini miaka minne. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Mtu hachagui.

Usihuzunike, na usiulize watu. Mambo ya timu hayasemwi nje. Mwakani nataka uache zamu za ziada, na ile nyumba tuliyoiona Crystal, yenye bustani nyuma, nitakununulia.

Ni mimi mwanao,
Ntwali


Brooklyn Park, Minnesota, 28 Julai 2019

Mwana wangu Ntwali,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma tena kwenye gari kabla ya kuingia kazini. Nililia kidogo. Halafu nikapata hasira, na hasira bado niko nayo.

Ulikuwa na miaka saba tulipofika hapa kutoka kambi ya wakimbizi. Baba yako alikuwa amekufa, mimi sikujua hata kuwasha jiko lao. Watu hawa walitupa nyumba, walikupa shule. Niliposikia umeingia timu ya Saint Paul nilisema, sasa mtoto anawarudishia. Kumbe wamekutumia, wakachoka nawe.

Lakini wakubwa wa timu ni wageni kwangu, hawanijui. Ninachoshindwa kumeza ni Susan. Ni yeye aliyekushika mikono ukajifunza kusimama juu ya barafu pale Crystal. Ni yeye aliyekuja na gari lake alfajiri, miaka yote ile, kwa sababu mimi nilikuwa bado kazini na gari sikuwa nalo. Nilimwita dada. Na leo yuko kwenye biro ya timu, kazi yake ni kuchagua wachezaji. Kama hawakukutaka, basi Susan naye hakukutaka, au alikaa hapo wakikutupa na hakufungua mdomo.

Jana alikuja na keki ya matofaa. Nilimwona kwa dirisha. Aligonga, akangoja, akaita jina langu. Sikufungua. Keki aliiacha mlangoni, nikawapa watoto wa jirani.

Usiniambie nimekosa. Mtu akimuumiza mtoto wangu ameniumiza mimi.

Mama yako,
Pascasie


Florida, 16 Agosti 2019

Mama,

Barua yako nimeipata. Nakuomba usimfanyie hivyo Susan. Yeye hana kosa. Timu ina wakubwa wengi, na maamuzi yanapita juu ya kichwa chake. Tena ligi imeweka kikomo cha mishahara, kwa hiyo hata wakimpenda mtu wakati mwingine hawawezi kumshika. Ni mambo marefu, yatakuchosha.

Akija tena, mfungulie. Si lazima mzungumze habari zangu. Zungumzeni mambo mengine.

Je, amekuambia lolote? Amekuandikia, au amempa mtu ujumbe akuletee? Niambie kama amesema kitu.

Nakutumia viatu vya kazi, vile laini vya kusimama muda mrefu.

Ntwali


Brooklyn Park, 7 Septemba 2019

Mwana wangu,

Merci kwa viatu. Vinanitosha, na wenzangu kazini wote wamevijaribu.

Susan hajambo. Usihangaike naye. Unaniuliza kama amesema kitu. Aseme nini? Mtu mwenye aibu husema nini?

Kazi inaendelea vizuri. Wamenihamishia upande mwingine wa nyumba ya wazee, ni kimya zaidi. Kanisani wanakusalimu, na Mzee Rigobert anasema msimu ukianza ataangalia mechi za Florida ingawa haelewi kitu.

Vaa kitu kichwani ukitoka nje kwenye jua.

Mama


Brooklyn Park, 22 Septemba 2019

Ndugu Ntwali,

Natumai u mzima. Hii si barua ya kikazi. Ya kikazi nitakutumia kwa barua pepe. Hii nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu nimebeba kitu chako, na kimekuwa kizito.

Leo baada ya ibada tulikuwa ukumbini tunakunywa chai. Rigobert akaniuliza, "Jotham, wewe ni mtu wa kodi. Kwa nini timu yetu haichukui kombe? Uwanja unajaa, pesa ipo."

Nami, kwa kupenda kusikika, nikaanza kueleza. Nikawaambia ligi imezipa timu zote kikomo kimoja cha mishahara, ili tajiri asinunue wachezaji wote. Lakini kikomo kinahesabu mshahara kabla ya kodi. Hapa Minnesota jimbo linamkata mwenye mshahara mkubwa karibu sehemu moja ya kumi, mbali na kodi ya taifa. Florida na Texas jimbo halikati kitu. Kwa hiyo mshahara uleule ukifika mfukoni ni mnono zaidi kule. Timu ya kule inaweza kumpa mchezaji pungufu na bado akafurahi, halafu nafasi inayobaki chini ya kikomo wanamtafutia mwingine. Sisi tukitaka kumzuia mtu lazima tumwongeze, na tukimwongeza mmoja tunamkosa wa pili.

"Basi wanatushinda kabla hata ya kuvaa viatu," Rigobert akasema.

"Si kila mara. Ziko timu nzuri kwenye majimbo ya kodi kubwa. Lakini mizani imeinama kidogo."

Mama yako alikuwa anapanga vikombe. Sikujua kwamba anasikiliza.

"Ndugu Jotham," akaniuliza, "mchezaji anaweza kuikataa timu ya kwao kwa sababu ya kodi?"

"Anaweza, mama."

"Wangu hakupewa hata nafasi ya kukataa. Na angepewa, asingekataa. Kodi hiyo ndiyo iliyomlipa mwalimu aliyemfundisha kusoma, na ndiyo inayogandisha ile barafu ya Crystal." Akanitazama. "Wewe unafanya hesabu zake. Unajua jinsi walivyomtendea."

Nikainamia kikombe changu nikasema habari za mteja siwezi kuzitoa. Akanishika bega, akasema mimi ni mtu mwaminifu. Ntwali, sikuweza kumaliza ile chai.

Kuna lingine, na hili sidhani kama amekuandikia. Mwezi uliopita Susan alianguka kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika nyonga. Baada ya upasuaji wakamleta kupata nguvu hapo New Hope, kwenye nyumba ya wazee anapofanya kazi mama yako. Mke wangu Alice ni nesi hapo, ndiye aliyenieleza. Siku Susan alipoletwa alimwona mama yako kwenye korido, akanyoosha mikono kama mtoto. Mama yako akapita. Kesho yake akaomba ahamishiwe upande mwingine.

Halafu juzi alasiri kengele ya Susan ilikuwa inalia, alitaka kupelekwa msalani, na wahudumu wa upande ule walikuwa wamemshika mgonjwa mwingine. Mama yako alipita na kitoroli cha mashuka. Aliisikia, akatazama mlango, akaendelea na njia yake. Alice alipofika, Susan alikuwa ameshajilowesha. Alikuwa analia kwa aibu. Akamuuliza Alice, "Nimemkosea nini Pascasie?"

Mimi nilikupigia hesabu tu, na uamuzi ulikuwa wako. Nimejiambia hivyo tangu Juni. Lakini ninakuomba umwandikie mama yako ukweli. Usipofanya hivyo, siwezi kukaa naye kanisa moja.

Jotham


Florida, 30 Septemba 2019

Mama,

Kaa chini kabla hujasoma hii.

Walinitaka. Timu ya Saint Paul ilinitaka, na aliyenitaka kuliko wote ni Susan.

Mwezi wa sita alikuja kwangu na mkataba wa miaka mitano. Aliniambia amebishana na wakubwa wake mpaka wakakubali. Akaniambia waziwazi kwamba hawezi kuifikia Florida. "Wao wakikupa kiasi hiki, kwa sababu ya kodi mimi lazima nikupe zaidi ili ubaki na kilekile," alisema, "na nikikupa zaidi, sina cha kumpa golikipa. Nimeshapoteza wawili kwa njia hii. Sitaki uwe wa tatu." Akaniuliza kama nataka kubaki nyumbani. Nikamwambia nataka. Wakati ninasema ilikuwa kweli.

Halafu nikakaa na Jotham tukalinganisha, na nikaona tofauti ya miaka yote ile ikijumlishwa. Mwili wangu una miaka michache tu ya kazi hii. Goti la kushoto umeliona. Nikasaini Florida. Susan nilimwambia kwa simu kwa sababu sikuweza kumtazama. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mama yako anajua?" Nikamwomba asikuambie, nitakuambia mwenyewe. Akasema sawa, ni mama yako.

Mama, wewe ukipokea karatasi ya mshahara na kuona walichokata, unasema acha wakate, walitupokea. Nimeisikia sentensi hiyo maisha yangu yote. Ningekuambiaje kwamba mimi, ambaye mshahara wangu ni mara nyingi ya wako, nimekimbia kile unacholipa wewe bila kulalamika? Nikatafuta maneno mepesi. Nilidhani utahuzunika siku mbili, yaishe. Sikufikiri kwamba utatafuta wa kumlaumu.

Na bado sijamaliza. Mwezi wa saba Susan alinipigia simu, akasema hufungui mlango, akaniuliza nimekuambia nini. Nilimjibu kwamba una huzuni tu kwa sababu nimeondoka, akupe muda. Kwa hiyo amelala kwenye kitanda kile bila kujua kosa lake, na wewe umempita bila kujua kwamba hana kosa. Wote wawili niliwaweka hapo mimi.

Jotham ameniandikia habari ya kengele. Sikulaumu. Ile kengele niliipita mimi.

Nilifanya hivi pia kwa ajili ya nyumba yako. Naomba uamini hilo.

Ntwali


Brooklyn Park, 3 Novemba 2019

Ntwali,

Najua umepiga simu sana. Sikutaka kusikia sauti yako. Sasa naweza kuandika.

Barua yako niliifungua kwenye gari, mbele ya mahali pa kazi. Niliposoma nikashuka, nikaenda moja kwa moja chumba cha Susan. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya, na mzee mwingine alikuwa amekaa juu yake. Susan alirudi kwake siku iliyotangulia. Basi nikakosa nguvu ya kumfuata. Kila siku nilisema kesho. Niliendesha gari mpaka barabara yao kule Crystal, nikageuza nikarudi. Nilikuwa naogopa mwanamke mwenye mkongojo.

Ijumaa ya juma lililopita niligonga. Alichukua muda kufika mlangoni, nilisikia mkongojo sakafuni. Alifungua. Mimi ambaye sikumfungulia, alinifungulia.

Nilimwambia yote. Nilimwambia ulichoniandikia Julai, na ulichoniandikia baadaye. Sikukuficha. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nilidhani labda tangu mwanzo mlinivumilia tu kwa sababu ya gari."

Nilipiga magoti, akakasirika, akaniambia niinuke, yeye hawezi kuninyanyua na nyonga ile. Akasema, "Kuhusu mlango nimekusamehe. Ulimwamini mwanao, ningefanya hivyo mimi pia. Lakini ile siku ya kengele, Pascasie, ulikuwa kazini."

Ni kweli, nilikuwa kazini. Unasema kengele uliipita wewe. Hapana. Hiyo usinichukulie. Uongo ni wako, lakini miguu iliyopita pale ilikuwa yangu, na nilikuwa nimevaa viatu ulivyonitumia. Mtu akibonyeza kengele ile si dada wala si adui, ni mgonjwa anayeomba msaada. Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza mwenyewe. Nimepewa onyo la maandishi. Alisema kama si miaka yangu ya kazi ningefukuzwa. Ni haki.

Sasa nikitoka kazini ninapita kwa Susan, ninamwogesha na kumsaidia mazoezi ya mguu. Siku nyingine tunaongea, siku nyingine ananiacha nifanye kazi bila neno.

Kuhusu mkataba wako nakuambia hivi. Kuhama kufuata mshahara si dhambi. Mwili ni wako, ndio unaogongwa kwenye zile mbao za ukingo wa uwanja. Ungeniambia ukweli ningekusema vibaya siku mbili, ya tatu ningekuombea safari njema. Ulifikiri ninakupenda kwa sababu unafanana nami kwenye kodi. Hapo ndipo uliponiumiza.

Na habari ya nyumba usiirudie. Usiniweke mimi kuwa sababu. Sihamii Crystal. Nitaishi hapahapa.

Mama yako


Florida, 6 Desemba 2019

Mama,

Uliona. Tulikuja Saint Paul tukawafunga. Watu walinizomea kila nilipogusa kisahani cha mchezo, na nilipotoa pasi ya goli la tatu walizomea zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Sikuwa nimejiandaa kwa namna tulivyoshinda. Kipindi cha tatu wenzangu wa zamani walikuwa wamechoka, wachezaji wao wazuri wamekaa barafuni muda mrefu kupita kiasi, kwa sababu nyuma yao kuna vijana ambao bado hawajakomaa. Sisi kila tulipobadilisha, aliyeingia alikuwa mzuri kama aliyetoka. Kocha wetu aliita hiyo kazi ya pamoja. Mimi nilikuwa nahesabu nani kati yetu alikubali mshahara mdogo ili kukaa mahali pasipokatwa kodi ya jimbo, na wako wengi. Upande wa pili pengo kwenye ulinzi lilikuwa mahali pangu. Goli la tatu lilipita hapohapo.

Susan alikuwa pale juu na watu wa biro yake, akiona kazi yake inavunjwa.

Na sasa nisemalo ni baya zaidi. Niliwaona. Baada ya mechi mlikuwa mmesimama nje ya mlango wa wachezaji, wewe na kofia ya sufu, yeye na mkongojo. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya kioo cheusi, mkono umeshika kitasa. Nilikaa hapo mpaka mtu wa timu akaniita. Nilitokea mlango wa magari ya mizigo, nikapanda basi. Nilikupigia simu kutoka uwanja wa ndege nikasema tulilazimika kuondoka haraka. Haikuwa kweli, na nimechoka kukudanganya, kwa hiyo ninakuandikia.

Ligi inatupa mapumziko siku za Noeli. Nataka kuja. Nataka kwenda kwa Susan nimwambie kwa mdomo wangu. Barua niliyomwandikia Oktoba hajaijibu. Muulize kama atanipokea.

Ntwali


Brooklyn Park, 15 Desemba 2019

Mwana wangu,

Tulikungoja mpaka wakazima taa za upande ule. Baridi ilikuwa kali, nilimwambia Susan akae kwenye gari, akakataa. Mwisho akasema, "Amekwenda," tukaondoka. Njiani hakukulaumu. Alisema ulicheza vizuri, kwamba sasa unageuka kulia haraka zaidi, kitu alichokufundisha miaka mingi hukukishika.

Vizuri kwamba umesema. Nilijua kwa simu kwamba unadanganya, nilikuwa nangoja nione kama utaniacha hivyo.

Nimemuuliza. Nilikuwa namchana nywele. Akasema, "Mwambie barua yake niliisoma. Mwambie simchukii. Lakini simtaki nyumbani kwangu sasa." Nikamuuliza, mpaka lini? Akasema hajui, na nisimuulize tena, akiwa tayari atasema mwenyewe. Nilimjibu nimeelewa. Nawe uelewe.

Wewe njoo. Kitanda chako nimekitandika. Jotham na Alice watakuja kukusalimu, na Rigobert ana maswali yake. Siku ya Noeli asubuhi tutakwenda kanisani pamoja, utakaa karibu nami.

Mchana nitakwenda kula kwa Susan. Nimemwahidi, na sitamwacha peke yake siku hiyo. Wewe utabaki hapa. Chakula nitakuachia jikoni, utapasha mwenyewe. Usinifuate na gari, na usinipe zawadi nimpelekee.

Sitachelewa sana. Nikirudi nitakuambia kama aliuliza habari zako.

Mama yako,
Pascasie